Kismayu ilitekwa, bonde la Juba likabaki mikononi mwa Al-Shabaab

WANAJESHI wa Kenya walipovuka mpaka na kuingia Somalia mnamo Oktoba 16, 2011, Wakenya wengi waliamini kuwa vita hivyo vingekuwa vya majuma machache. Matarajio ya umma yalikuwa mepesi: wanamgambo wa Al-Shabaab wangefurushwa kutoka mpakani, bandari ya Kismayu ingetwaliwa, kisha vijana wangerejea nyumbani na kuacha nyuma yao eneo tulivu.

Kismayu ilitwaliwa kabla ya mwaka kutimia. Lakini zaidi ya miaka 10 baadaye, mtu aliyeondoka Kismayu na kuelekea kaskazini hadi mji wa Jilib, mwendo wa kilomita kama 100, aliingia katika himaya ya Al-Shabaab. Huko kundi hilo lilikuwa na mahakama zake, watoza ushuru wake na makamanda wake.

Kuna ushahidi mmoja unaoeleza hali hiyo kuliko takwimu zozote. Makao makuu rasmi ya jimbo la Jubaland si Kismayu, bali ni mji wa Bu'ale ulioko Juba ya Kati. Tangu jimbo hilo liundwe mwaka wa 2013, serikali yake haijawahi kuketi Bu'ale. Hadi kufikia katikati ya mwaka wa 2025, Juba ya Kati ndiyo iliyokuwa sehemu ya Somalia iliyo chini ya Al-Shabaab kikamilifu, bila hata mji mmoja ulio mikononi mwa serikali.

Swali ambalo kila Mkenya anayelipa ushuru, na hasa kila mzazi mwenye mwana jeshini, ana haki ya kuuliza ni hili: Imekuwaje majeshi yenye ndege, vifaru na manowari yakaweza kuuteka mji lakini yakashindwa kuliteka bonde?

Safari ya Kismayu

Itakumbukwa kuwa operesheni hiyo, iliyopewa jina la Linda Nchi, ilizaliwa kutokana na utekaji nyara. Mnamo Septemba 2011, mtalii Mwingereza aliuawa na mkewe akatekwa nyara karibu na Kiwayu, Lamu. Oktoba 1, raia wa Ufaransa alitekwa katika kisiwa cha Manda. Oktoba 13, wanawake wawili wa Uhispania waliokuwa wakitoa misaada walinyakuliwa katika kambi za wakimbizi za Dadaab.

Sekta ya utalii ilitikisika. Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, George Saitoti, pamoja na mwenzake wa Ulinzi, Yusuf Haji, walitangaza kuwa Kenya ingewaandama wavamizi hao hadi ndani ya Somalia. Serikali ilitaja Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kinachoipa nchi haki ya kujilinda.

Mambo hayakwenda kwa kasi iliyotarajiwa. Mvua za vuli zilinyesha na ardhi ya kusini mwa Somalia ikageuka tope. Magari ya kijeshi yalikwama, na safari kutoka Dhobley kuelekea Afmadow ikachukua miezi badala ya siku. Afmadow ilitwaliwa mwishoni mwa Mei, 2012.

Kufikia wakati huo sura ya vita ilikuwa imebadilika. Mnamo Desemba 2011 Bunge la Kenya liliidhinisha wanajeshi hao kujiunga na kikosi cha Muungano wa Afrika, AMISOM. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaongeza idadi ya kikosi hicho hadi 17,731. Vita vilivyoanza kama msako wa nchi moja sasa vikawa sehemu ya jukumu la bara zima.

Usiku wa kuamkia Septemba 28, 2012, wanajeshi wa Kenya walitua katika ufuo wa Kismayu kutoka baharini huku wenzao wakisonga kutoka nchi kavu, wakiandamana na wapiganaji wa Kisomali wa kundi la Ras Kamboni. Baada ya muda mfupi Al-Shabaab walitangaza kuwa wameondoka mjini. Siku chache baadaye majeshi ya muungano yaliingia.

Nairobi ilisherehekea, na kwa haki. Kismayu ilikuwa hazina kuu ya kundi hilo. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamekadiria mwaka wa 2011 kuwa Al-Shabaab walikuwa wakipata kati ya dola milioni 35 na milioni 50 kwa mwaka kutoka bandari za Kismayu, Marka na Barawe. Kuwanyang'anya bandari hiyo lilikuwa pigo la kweli.

Waliondoka, hawakusambaratika

Hata hivyo, kuna neno katika taarifa za wakati huo ambalo halikupewa uzito wake. Al-Shabaab hawakushindwa Kismayu, waliondoka. Mwaka mmoja kabla, Agosti 2011, walikuwa wameondoka vivyo hivyo katika sehemu kubwa ya jiji la Mogadishu. Oktoba 2014 wangeondoka tena katika bandari ya Barawe kabla ya kukabiliwa kikamilifu.

Huo haukuwa woga. Ulikuwa mpango. Kundi lisilo na ndege wala vifaru halina sababu ya kufia mjini, ambako adui ana nguvu zaidi. Linamwachia mji, kisha linamsubiri barabarani.

Mwenye kuushika mji, kwa upande wake, hubeba mzigo mpya. Sharti alishe watu wake, alete mafuta na risasi, abadilishe vikosi. Yote hayo hupitia barabara, nayo barabara ya Jubaland ni ndefu, imepita vichakani na ni rahisi kutegwa vilipuzi. Kadiri miji inavyoongezeka ndivyo wanajeshi wanavyotawanywa katika kambi ndogo ndogo, kila moja ikiwa mbali na mwenzake.

Matokeo yake yalionekana alfajiri ya Januari 15, 2016, katika kambi ya El Adde, mkoani Gedo. Al-Shabaab walitumia gari lililosheheni vilipuzi kuvunja ngome kisha wakaivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya. Serikali haikutangaza idadi kamili ya waliouawa. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja hadharani idadi iliyokaribia 200, jambo ambalo Nairobi ililipinga.

Mwaka mmoja baadaye, Januari 27, 2017, kambi ya Kulbiyow karibu na mpaka wa Kenya ilishambuliwa kwa mbinu iyo hiyo. Jeshi lilisema wanajeshi 9 waliuawa, ilhali Al-Shabaab walidai kuua zaidi ya 50. Baada ya mashambulizi hayo, kambi ziliimarishwa na doria zikapungua. Jeshi linalojihami ndani ya ngome huwa salama zaidi, lakini haliwezi kumlinda mkulima aliye kilomita 20 nje ya ngome hiyo.

Jaribio la kulifikia bonde lenyewe lilifanywa mwaka wa 2015. Katika operesheni ya Ukanda wa Juba, majeshi ya Kenya na Somalia yaliuteka mji wa Bardhere mnamo Julai mwaka huo. Bardhere ilikuwa ngome kubwa, na wengi walitarajia Bu'ale na Jilib zingefuata. Hazikufuata.

Sababu mojawapo ilikuwa ukosefu wa vifaa. Mwaka wa 2012, Baraza la Usalama liliidhinisha helikopta 12 kwa matumizi ya AMISOM. Helikopta za kwanza chini ya mpango huo zilifika mwishoni mwa 2016. Kupigana katika bonde la mto lenye misitu na mashamba bila ndege za kusafirisha majeruhi na kuvisaidia vikosi vilivyozingirwa ni kuwapeleka wanajeshi mahali ambapo hawawezi kuokolewa.

Lakini vifaa peke yake havielezi kila kitu. Sababu kubwa zaidi ni kwamba bonde la Juba lina mtawala anayetawala.

Anayetoza ushuru ndiye mwenye nchi

Al-Shabaab walipopoteza bandari hawakufilisika. Walihamishia kodi zao barabarani na mashambani. Lori linalobeba mizigo hutozwa katika kizuizi kimoja na kupewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo huheshimiwa katika vizuizi vinavyofuata. Mfugaji hutozwa zaka ya mifugo. Mkulima hutozwa mazao. Hata wafanyabiashara wa Mogadishu, mji ulio na serikali, wamekuwa wakilipa kundi hilo ushuru wa bidhaa zinazoshushwa bandarini.

Mnamo 2020 taasisi ya utafiti ya Hiraal, iliyoko Mogadishu, ilikadiria kuwa kundi hilo lilikuwa likikusanya angalau dola milioni 15 kwa mwezi. Wizara ya Fedha ya Marekani nayo ilikadiria mapato yake kuwa zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka. Makadirio hayo yanatofautiana, lakini yote yanaonyesha jambo moja: kundi hilo lina hazina inayozidi ya majimbo mengi ya Somalia.

Pamoja na kodi kuna mahakama. Mzozo wa shamba, wa ngamia au wa deni ambao ungechukua miaka mingi, na hongo nyingi, katika mahakama za serikali, huamuliwa kwa siku chache katika mahakama za Al-Shabaab, na hukumu yake hutekelezwa. Kuna watu wanaoishi chini ya serikali ambao wamekuwa wakisafiri hadi maeneo ya kundi hilo ili kesi zao zisikilizwe.

Haina maana kuwa watu hao wanawapenda Al-Shabaab. Utawala wao ni wa kutisha. Wanaoshukiwa kuwa majasusi huuawa hadharani, watoto huchukuliwa kutoka kwa wazazi wao ili wafunzwe vita, na misaada ya kimataifa imewahi kupigwa marufuku watu wakifa njaa. Lakini raia asiye na bunduki hachagui kati ya mema na mabaya. Huchagua kati ya mtawala atakayekuwepo kesho na yule aliyefika leo kwa magari ya deraya na ambaye jioni atarejea kambini.

Walioumia zaidi ni wakulima wa kandokando ya mto, Wasomali wenye asili ya Kibantu. Miongoni mwao wamo wajukuu wa Wazigua, watu ambao mababu zao walitoka katika nchi inayoitwa leo Tanzania katika karne ya 19, wengi wakiwa watumwa, na ambao baadhi yao wangali wanazungumza Kizigua hadi leo. Mashamba yao ndiyo yenye rutuba kuliko yote nchini Somalia, na kwa hivyo yamenyang'anywa mara nyingi na kila mwenye silaha: wababe wa kivita wa miaka ya 1990, kisha Al-Shabaab.

Jamii hizo hazina wanamgambo wenye nguvu na zina sauti ndogo katika mgawanyo wa vyeo Kismayu na Mogadishu. Hivyo basi, anayetaka kuliteka bonde la Juba hana budi kujibu swali lao: Je, mkiwafukuza Al-Shabaab, shamba litarudi kwetu au litakwenda kwa koo nyingine yenye bunduki?

Kwa upande wa Kismayu, jibu lililotolewa halikuwa la kutia moyo. Umoja wa Mataifa ulikuwa umepiga marufuku usafirishaji wa makaa kutoka Somalia mnamo Februari 2012, kwa sababu biashara hiyo iliwatajirisha Al-Shabaab. Ripoti ya wachunguzi wa umoja huo ya mwaka wa 2013 ilisema kuwa makaa yaliendelea kusafirishwa kutoka Kismayu baada ya mji kutekwa, na ikadai kuwa wapiganaji wa Ras Kamboni, maafisa wa jeshi la Kenya na wafanyabiashara wenye uhusiano na Al-Shabaab walinufaika. Kenya ilikanusha madai hayo.

Ukweli wowote uwao kuhusu nani alipata nini, magunia hayo yalionekana na wakazi wa Kismayu. Mtu anayeambiwa kuwa amekombolewa huangalia kwanza kama biashara ya jana imebadilika au imebadilisha wenyewe tu.

Eneo lenye wenyewe wengi

Jubaland haijaanza kugombewa leo. Kismayu iliwahi kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kisha Uingereza. Hadi mwaka wa 1925, Jubaland yote ilikuwa sehemu ya Kenya. Uingereza ndiyo iliyoikabidhi Italia. Kwa karne nyingi Wabajuni, watu wa lugha ya Kiswahili, wameishi kutoka visiwa vya karibu na Kismayu hadi Lamu bila kujua mpaka.

Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka wa 1991, bandari hiyo ilipokonywa na kupokonyana na wababe wa kivita wa koo mbalimbali. Wanamahakama ya Kiislamu waliichukua mnamo 2006, wakatimuliwa, kisha Al-Shabaab wakaingia mnamo 2008.

Kiongozi wa Jubaland, Ahmed Mohamed Islam, anayejulikana zaidi kama Madobe, ni kielelezo cha historia hiyo. Alikuwa gavana wa Kismayu chini ya mahakama za Kiislamu mnamo 2006. Baadaye alikosana na Al-Shabaab na kurejea Kismayu mwaka wa 2012 akiwa mshirika wa Kenya. Mei 2013 alichaguliwa kuwa rais wa jimbo, huku mpinzani wake, Barre Hiiraale, akijitangaza rais pia. Mwezi uliofuata watu wao walipigana mitaani.

Kwa Kenya, Madobe alikuwa mshirika mwenye nguvu mpakani. Kwa Mogadishu, alikuwa mtu aliyewekwa na jirani. Tofauti hiyo ya mtazamo haikuwahi kuponywa. Madobe aliposhinda tena mwaka wa 2019, serikali ya Rais Mohamed Abdullahi Farmaajo haikuyatambua matokeo. Ikawatuma wanajeshi wake Gedo, na mnamo Machi 2020 mapigano kati yao na vikosi vya Jubaland mjini Beled Hawo yakavuka hadi Mandera, ambako wakazi walilazimika kutoroka nyumba zao.

Novemba 2024 hali ilijirudia, safari hii Hassan Sheikh Mohamud akiwa amerejea madarakani. Madobe alichaguliwa kwa muhula mwingine, Mogadishu ikapinga, Jubaland ikakata uhusiano na serikali ya shirikisho, na kila upande ukatoa agizo la kumkamata kiongozi wa mwenzake. Desemba 11 walipigana Ras Kamboni. Mamia ya wanajeshi wa serikali ya shirikisho waliokimbia vita hivyo walivuka mpaka na kusalimisha silaha zao Kenya, katika Kaunti ya Lamu.

Julai 2025 ilikuwa zamu ya Beled Hawo tena. Mwezi uliofuata viongozi wa Mandera walilalamika hadharani kuwa wapiganaji wa Jubaland walikuwa wamepiga kambi katika ardhi ya Kenya na kutatiza masomo ya wanafunzi.

Fikiria jambo hilo kutoka upande wa kamanda wa Al-Shabaab aliye Jilib. Maadui zake wawili, mmoja Mogadishu na mwingine Kismayu, wanaelekezeana bunduki. Hana haja ya kufanya lolote ila kusubiri. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Gharama iliyorudi nyumbani

Wanaotetea kuwepo kwa wanajeshi wa Kenya nchini Somalia wana hoja zisizofaa kupuuzwa. Wimbi la kuwateka nyara watalii wa Pwani, lililoanzisha vita, lilikatika. Al-Shabaab walipoteza bandari kuu. Kismayu, ambayo ilikuwa ngome ya hofu, imekuwa mji wenye soko, uwanja wa ndege na bunge la jimbo. Kama wanajeshi wangebaki nyumbani, wanauliza, nani angezuia ngome hiyo isisogee hadi Liboi na Kiunga?

Hata hivyo, gharama imekuwa nzito. Watu 67 waliuawa katika jumba la Westgate mnamo Septemba 2013. Zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji jirani Juni 2014. Novemba mwaka huo abiria 28 walitolewa ndani ya basi na kuuawa Mandera. Aprili 2, 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2019 watu 21 waliuawa katika hoteli ya DusitD2, Nairobi.

Gharama nyingine haihesabiwi kwa maiti. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka sehemu nyingi za Kaskazini Mashariki. Kuna watoto waliokaa darasani bila mwalimu wa hisabati kwa sababu ya vita vilivyokusudiwa kuwalinda.

Huko Lamu, operesheni iliyoanza Septemba 2015 katika msitu wa Boni ilikusudiwa kuwasaka wanamgambo waliojificha humo. Shule za wadi ya Basuba zilifungwa, na jamii ya Waboni ikazuiwa kuingia katika msitu uliokuwa chakula na dawa yake. Wavuvi walipigwa marufuku kuvua usiku kwa miaka kadhaa, ilhali usiku ndio wakati wa kupata samaki wengi.

Mnamo Mei 2023 serikali ilitangaza kuwa mpaka, uliofungwa rasmi tangu 2011, ungefunguliwa kwa awamu katika muda wa siku 90. Mashambulizi kadhaa yakafuata, na Julai mwaka huo mpango huo ukaahirishwa. Uamuzi huo ulikuwa ungamo la kimya: eneo tulivu lililoahidiwa mwaka wa 2011 halikuwa limepatikana.

Funzo kutoka Somalia ya kati

Iwapo kuna anayedhani Al-Shabaab hawawezi kushindwa, matukio ya mwaka wa 2022 yanampinga. Agosti mwaka huo, wakazi wa Hiiraan waliochoshwa na kodi na kulipuliwa kwa visima vyao walichukua silaha, na serikali ya Hassan Sheikh ikaunga mkono uasi huo. Katika miezi michache Al-Shabaab walipoteza maeneo mengi kuliko waliyopoteza kwa miaka kadhaa iliyotangulia, yakiwemo miji ya Adan Yabaal na Harardhere.

Februari 2023 viongozi wa Kenya, Ethiopia na Djibouti walikutana na mwenzao Mogadishu na kukubaliana kuhusu awamu ya pili, ambayo ingeelekezwa kusini, ndani ya bonde la Juba. Ilisemekana kuwa hiyo ndiyo ingekuwa awamu ya mwisho.

Awamu hiyo haikufika Jilib. Agosti 2023 jeshi la Somalia lilishambuliwa vikali Osweyne na kuondoka katika miji kadhaa iliyokuwa imekombolewa. Mogadishu ikalazimika kuomba uondokaji wa vikosi vya Afrika usitishwe kwa muda. Mwanzoni mwa 2025 Al-Shabaab walianzisha mashambulizi makubwa, na Aprili mwaka huo wakairejesha Adan Yabaal.

Ushindi wa 2022 ulipatikana pale ambapo wakazi wenyewe waliona vita ni vyao. Ulipotea pale ambapo baada ya wapiganaji kupita hakukuwa na polisi, hakimu wala tabibu wa kubaki. Jubaland inaonyesha kasoro hiyo hiyo, isipokuwa huko hata hatua ya kwanza, ya wakazi kuviona vita kuwa vyao, bado haijapigwa katika bonde lenyewe.

Uamuzi ulio mbele ya Nairobi

Muda nao hauko upande wa Kenya. AMISOM ilibadilishwa kuwa ATMIS mnamo Aprili 2022, nayo ATMIS ikabadilishwa kuwa AUSSOM mnamo Januari 2025. Majina yamebadilika lakini tatizo la fedha limezidi. Mpango wa kutumia michango ya nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa kugharamia kikosi hicho ulipingwa na Marekani, huku Muungano wa Ulaya ukiwa umechoka kubeba mzigo peke yake.

Nchi isiyojua ni nani atakayelipia wanajeshi wake mwaka ujao ina njia mbili: kuondoka kwa kukurupuka, au kubaki bila lengo. Zote mbili ni hatari. Ikiondoka kabla Jubaland haijasimama, Al-Shabaab watafanya kama walivyofanya katika kambi nyingi zilizohamwa, yaani kuingia siku iyo hiyo. Ikibaki bila lengo, itaendelea kulinda mji mmoja na barabara chache huku bonde likiendelea kuzaa kodi na wapiganaji.

Kuna njia ya tatu, nayo haianzi kwa bunduki. Kenya ndiyo yenye ushawishi mkubwa zaidi kwa Madobe, na ina uhusiano na Mogadishu. Hakuna nchi iliyo na sababu kubwa zaidi ya kuwaketisha wawili hao meza moja. Operesheni yoyote ya kuelekea Jilib kabla ya mapatano hayo itawapeleka vijana wa Kenya katika vita ambavyo washirika wao wawili wanapigana wenyewe kwa wenyewe.

Pili, mpango wa kijeshi sharti utanguliwe na mpango wa utawala: ni nani atakuwa hakimu Bu'ale, ni nani atalinda mashamba ya wakulima wa mtoni, na ni kodi gani moja itachukua nafasi ya vizuizi kumi vya barabarani. Bila majibu hayo, bonde litabadilisha wenyewe kwa msimu mmoja kisha lirudi lilikokuwa.

Tatu, Katiba ya Kenya inataka Bunge liidhinishe kutumwa kwa wanajeshi nje ya nchi. Idhini hiyo si muhuri wa mara moja. Wabunge wana wajibu wa kuuliza lengo ni lipi, limefikiwa kwa kiasi gani na litagharimu nini. Wajibu huo unajumuisha kuzieleza familia za El Adde ni wangapi hasa waliokufa alfajiri ile.

Hadi hayo yatakapofanyika, ramani za kijeshi zitaendelea kuonyesha Kismayu ikiwa imekombolewa, na mwalimu wa Mandera ataendelea kusikiliza milio ya risasi kutoka ng'ambo ya mpaka kabla ya kuamua iwapo atafungua shule.